Jibu Nililoandika kwa Jina la Mama

Mwaka wangu wa kwanza wa ajira hapa Mungaa nilichoka uchovu ambao chuoni hawakunifundisha. Kufundisha hakukunisumbua, watoto nawapenda. Yaliyonimaliza ni mafunzo ya mtandaoni. Tulikuwa walimu sita, kila mmoja na kishikwambi chake, na kila mmoja alitakiwa asome moduli, ajibu maswali na kutuma. Shuleni mtandao haushiki. Unashika juu ya jiwe kubwa nyuma ya zahanati, na hata hapo unashika kwa kununa. Sasa mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote, halafu siku ya kwanza kabisa niliropoka kwamba napenda sana mambo ya mtandao, kwamba naota siku moja nifundishe watoto wa mkoa mzima kupitia kioo. Vishikwambi vyote sita vikaishia kwenye kikapu changu.

"Waziri wa mtandao! Kuna habari gani huko juu?" mwalimu wa hisabati alikuwa akinitania kila nikirudi na vumbi magotini.

"Wanakusalimia. Wanauliza lini utajibu maswali yako mwenyewe."

"Waambie nasahihisha madaftari."

Nilicheka. Lakini kuna siku nilishuka kwenye lile jiwe nikakaa chini kwanza, miguu ikikataa.

Mwalimu wa darasa la kwanza angeweza kunizaa, nami nilimwita mama. Alibakiza mwaka mmoja astaafu. Yeye kishikwambi alinipa kwa mikono miwili, kimefungwa kwenye kipande cha kitenge. "Mwanangu, haya macho hayaoni herufi ndogo, na kidole kikigusa huku kinafungua kule. Nisaidie." Utamwambiaje hapana mtu uliyetoka kumpa shikamoo?

Moduli moja iliuliza: unamsaidiaje mtoto anayeanza shule akiwa hajui Kiswahili? Jua lilikuwa kali, chaji inaisha, na majibu matano nilikuwa nimeshaandika. Lilipofika la mama nikaandika kutoka moyoni, nikamwaga ndoto zangu zote. Kwamba asubuhi nawasalimia watoto kwa Kinyaturu, lugha ya nyumbani kwao, nawasimulia hadithi fupi kwa Kinyaturu, kisha nairudia polepole kwa Kiswahili. Nikatuma, nikashuka nimefurahi.

Baada ya wiki mbili afisa elimu kata akampigia mwalimu mkuu. Jibu la mama limempendeza. Ijumaa, walimu wa kata nzima wakikutana, mama asimame mbele awaonyeshe wenzake hadithi hiyo.

Mama ni Mgogo, mzaliwa wa Kilimatinde. Kinyaturu chake kinaishia gulioni, kwenye kuku na mayai. Hilo nilikuwa nalijua, kila mtu Mungaa analijua. Kule juu, kwa uchovu, nilisahau kabisa kwamba naandika kwa jina lake.

Nilimkuta kwenye ngazi ya darasa lake, nikamsomea nilichoandika huku nalia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Mbona hukuniuliza?"

"Nilichoka, mama."

"Na mimi nimechoka, mwanangu. Lakini ningekujibu."

Siku mbili nilijaribu kumfundisha hadithi ya sungura kwa Kinyaturu. Ulimi ulikataa. Tulicheka mpaka akafuta machozi na ncha ya khanga, kisha akaacha kucheka. "Basi, tuache. Sitaki kustaafu na jina la uongo."

Ijumaa akasimama mbele ya walimu wa shule zote za kata, chaki mkononi.

"Jibu lile si langu. Kinyaturu sikijui. Na hayo mafunzo sijayafungua hata siku moja."

Nyuma mtu akacheka, akanyamazishwa. Afisa akamuuliza nani aliandika. Mama akaiangalia chaki yake, hakunitaja. Alikuwa tayari aibu yote aibebe yeye, nami nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Nilisimama nimechelewa, lakini nilisimama.

"Ni mimi. Na ya wenzangu wote pia."

Mwalimu wa hisabati akalaza kichwa mezani.

Afisa hakufoka, na hilo liliuma zaidi. Alisema walimu wote sita tuanze upya, moduli ya kwanza, kila mtu kwa mkono wake, mama akiwemo. Njiani kurudi hakuna aliyenisemesha, mpaka karibu na shule mwalimu wa hisabati aliponigeukia: "Haya Waziri, umejiuzulu na baraza lako lote."

Jumatatu mama alivuta kiti karibu yangu ofisini. Kuandika hakuhitaji mtandao, kutuma ndiko kunakohitaji. Alivaa miwani, akafika kwenye swali lile, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Mistari miwili ikafutika. Akashusha pumzi, akaanza tena. Kengele ya mapumziko ililia, ikalia tena ya kuingia, na darasa lake nikaenda kulituliza mimi. Niliporudi alikuwa amemaliza, akanisogezea nisome:

"Nilipofika hapa sikujua lugha yao na wao hawakujua yangu. Nilikuwa nawauliza hiki mnakiitaje, nakitamka vibaya, wananicheka. Mtoto akishakucheka hakuogopi tena. Hapo ndipo namwambia jina la kitu hicho kwa Kiswahili."

Nililisoma mara mbili. Sikuongeza hata nukta.

"Linatosha?" akauliza.

"Linatosha, mama."

Akavua miwani, akafumba macho. "Zimebaki moduli ngapi?"