Fundi wa Matimba Apanda Ngazi

Nikimpandisha ngazi mtu asiyegusa dhahabu, nani atakubali tena kuchimba? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima, ingawa lilihusu mchezo tu, niliojitungia baada ya kumaliza chuo na kukosa kazi. Kila mchezaji alijifanya mtu wa machimboni: mchimbaji, dalali, au fundi wa matimba, yule anayepanga magogo ili shimo lisiporomoke. Tulirusha dadu, na aliyepata dhahabu alipanda ngazi.

Dada yangu, msusi hapa Nyasubi, siku zote alichagua kuwa fundi, na hakuwahi kupanda.

"Wewe endelea kukumbatia magogo," jirani yetu, aliyekuwa mchimbaji mchezoni, alimtania.

"Leo nacheza mara ya mwisho," dada akasema. "Nawashikilia shimo, halafu mnapanda nyie tu?"

Bila dada mchezo ungekufa, maana ndiye aliyetuchekesha. Nilipima kasoro za kanuni mpya ya kumpandisha fundi, nikapima za ile ya zamani, mpaka nikachoka kupima. Nikasimama.

"Kuanzia sasa, mchimbaji akitoka shimoni mzima, fundi anapanda ngazi."

"Huo ni upendeleo wa ndugu!" jirani akalalamika.

"Basi shuka bila matimba."

Akalitazama shimo nililolichora kwenye karatasi ya mchezo, refu na jeusi, kisha akamgeukia dada. "Shikamoo, fundi. Naomba unipangie magogo."

"Marahaba, mwanangu."

Dada akarusha dadu. Shimo likasimama imara, jirani akatoka mzima. Dada akapiga vigelegele, nami nikachukua kalamu nikamwandikia ngazi ya pili.