Koki ya Mti wa Kumi na Mbili

Mwaura wa Mutuini alikuwa na mkono wa ufundi, na kila mtu katika kampuni ile ya kuosha madirisha alilijua hilo. Kwa hiyo msimamizi wao, Debra, aliporudi kutoka River Road na boksi la koki kumi na mbili, hakuuliza nani angeziweka. Alimwekea Mwaura boksi miguuni, basi.

Miti yao ya kuoshea ni mirefu, yenye brashi kichwani na mpira wa maji unaopita ndani yake. Kabla ya koki kuja, kila mti ulihitaji watu wawili: mmoja wa kusugua vioo, mwingine wa kukaa kando ya tangi afungue na kufunga maji akiitwa. Koki ikiwekwa chini ya mti, msuguaji hufunga maji mwenyewe kwa kidole gumba. Debra alisema bila kupepesa macho kwamba watu wa tangi wenye nguvu wangepewa mifagio. Wasio na nguvu hakuwataja.

Mtu wa tangi wa Mwaura alikuwa Makau. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha kazi miaka kumi na minne iliyopita, kabla hajaanguka kutoka ngazini na kuvunjika nyonga. Sasa hakuweza kuinama wala kusimama saa nzima. Bila tangi ingembidi arudi Ukambani akakae bure, na kukaa bure alikuogopa kuliko maumivu.

Mwaura aliweka koki kumi na moja vizuri, akizungusha utepe mweupe wa kuzuia uvujaji kwenye nyuzi za koki kabla ya kukaza. Ya kumi na mbili, ya mti wake, hakuizungushia chochote. Ikavuja. Debra akaitazama, akakunja uso.

"Hiyo ni mbovu. Nitaitisha ingine. Kwa sasa mkae tu wawili."

Mwaura hakuwa amewahi kuharibu kazi kwa makusudi, na nafsi ilimsuta. Lakini aliiacha ivuje.

Ikaja Julai na baridi yake, koki nyingine haijafika. Kule Upper Hill, ambako maghorofa huzuia jua karibu hadi saa sita, maji ya koki ile yalimlowesha suruali na kumjaa viatuni. Akaanza kukohoa. Alikohoa wiki mbili, na Makau akawa anamtazama tu kutoka kwenye tangi lake, akitikisa kichwa.

Jumatatu moja Mwaura alikwenda kununua chai. Aliporudi alimkuta Makau ameulaza mti mapajani, spana mkononi, kipande cha utepe mweupe kikimning'inia kidoleni.

"Kuja uone," mzee alisema. "Unatengenezea watu wote, yako inakushinda. Ulisahau tepu. Sasa hiyo kifua itapoa."

Alikuwa amefurahi. Mwaura hakuwa amemwona na furaha ile tangu aanguke, na moyo ulimuuma. Alitaka kumwambia ailegeze, upesi, lakini Debra alikuwa amekwisha kusimama nyuma yao. Alifungua maji, akafunga, akapitisha kidole chini ya koki. Kidole kilitoka kikavu.

"Kumbe iko sawa," alisema. "Mzee, jioni upitie ofisi."

Makau alimtazama Debra, akaitazama koki, kisha akamtazama Mwaura kwa muda mrefu. Alikunja utepe uliobaki, akamtilia Mwaura mfukoni.

Siku hizi Mwaura anaosha peke yake. Kazi inakwenda haraka, na anaichukia haraka hiyo. Kila Jumapili baada ya kanisa Makau humpigia simu kutoka kwao. Hataji nyonga, wala hasemi anashindaje. Huulizia kikohozi, kisha huulizia koki.

"Haijaanza kuvuja tena?"

"Haivuji, mzee," Mwaura humjibu. "Uliikaza vizuri."