Mama Kija wa Igoma na mwiko wa ngano

Saa mbili kasorobo asubuhi, Igoma. Mafundi wa gereji wameshawasha mashine za kuchomelea, na moshi wa magari unagombana na moshi wa kuni unaotoka kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya Musoma. Ndani ya kibanda, Ng'washi Masalu anapakua sahani ya kwanza ya siku: vitumbua vitatu, kipande cha sato wa kukaanga na kikombe cha chai ya rangi.

Sahani hiyo si ya mteja. Anavuta benchi, anajibana katikati ya mafundi sita wenye mikono myeusi kwa grisi, na anaanza kula. Mafundi wanasubiri kwa adabu mpaka ameze tonge la tatu.

"Haya mama, tupatie na sisi," mmoja anasema, na kibanda kinachangamka.

Hivyo ndivyo biashara inavyofunguliwa hapa kila siku isipokuwa Jumapili. "Mpishi asiyekula chakula chake, hapa kwetu unamfikiriaje?" anauliza huku akijifuta mikono kwa khanga. "Unasema huyo ametia dawa ya kuvuta wateja. Hata mimi ningesema hivyo."

Ng'washi ana miaka 41. Wateja humwita Mama Kija, kwa jina la binti yake wa kwanza. Ni mama ntilie, na asichoweza kula ni ngano: chapati, maandazi, mkate, na chochote kilichoguswa na unga wake. Akikosea, tumbo linamvimba, anaharisha siku nne au tano, na ndoo ya maji inamshinda kuinua.

Mtu wa ofisini angeona huo ni usumbufu tu. Kwa mwanamke aliyejenga nyumba ya vyumba viwili kwa kuuza chapati, ilikuwa balaa.

Alizaliwa Magu, katika familia ya wakulima wa pamba na mpunga. Alikua kwa ugali wa mtama, ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo, na michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kukaushwa juani. Ngano aliionja Krismasi, nayo si kila Krismasi.

"Miaka ile ya shida, unga wa ngano ulikuwa wa kupanga foleni," anakumbuka. "Ukipata kilo mbili unaficha uvunguni. Tulilia njaa ya ngano, kumbe mwenzenu ndipo nilipokuwa mzima!"

Mwaka 1992 alipunguzwa kazi katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Wakati huohuo biashara zilikuwa zimefunguliwa, na maduka yaliyokuwa na sabuni moja na viberiti yakajaa kila kitu. Alichukua kiinua mgongo chake, akanunua mabati, kikaango na mfuko wa unga wa ngano.

"Mimi ni Msukuma, basi nikasukuma," anasema na kucheka kwa sauti. Alisukuma chapati 120 kwa siku. Zilizoungua alikula mwenyewe, asubuhi na mchana, kwa sababu hazikuuzika.

Miaka miwili baadaye alikuwa ameshuka kutoka kilo 63 hadi 44. Msomaji aliyeishi miaka hii anajua watu walisema nini. Hawakumwuliza, walimtazama tu mikono, wakaangalia sahani, wakaondoka. Wateja sitini wa siku wakabaki kumi na watano.

Alipima virusi vya ukimwi mara mbili, na mara zote mbili hakukutwa navyo. "Majibu ninayo kwenye begi," anasema. "Sasa nifanyeje, nitembee nimeyabandika kifuani?"

Farouk, fundi wa kuchomelea ambaye karakana yake iko hatua ishirini kutoka kibandani, hafichi kitu. "Mimi nilikuwa wa kwanza kuhama," anakiri. "Nilikuwa napita nyuma ya gereji asinione. Mama huyu alinilisha kwa mkopo nilipokuwa sina kitu. Nikikumbuka naona aibu."

Msaada ulitoka kwa Daktari Shigela, wa zahanati moja ndogo mjini. Alikuwa amemtibu minyoo, amiba na kila alichoweza kukifikiria. Siku moja mwaka 1996 akaweka kalamu chini na kumwuliza swali ambalo Ng'washi aliliona la kipuuzi: chapati nzuri inajulikanaje?

"Nikamwambia, daktari, donge lake linavutika halikatiki. Akasema, 'Basi hicho kinachovutika ndicho kinachokuumiza.'"

Kitu hicho kinaitwa gluteni. Kimo ndani ya ngano na shayiri, na kwa watu wachache huharibu utumbo hadi chakula kinapita bila kuufaidisha mwili. "Nilikwishasoma habari zake, lakini sikutegemea kuukuta ugonjwa huo Igoma," anasema Daktari Shigela. Anaongeza haraka, kwa ukali kidogo, "Lakini asikimbie mtu kuacha chapati kwa sababu amesoma gazetini. Tumbo lina magonjwa mengi. Aje apimwe kwanza."

Ng'washi aliacha kula chapati, maandazi na mkate. Wiki ya tatu kuhara kukakoma. Akaongezeka kilo mbili, akaenda kanisani kutoa shukrani. Wiki ya saba ugonjwa ukarudi.

Daktari alimwambia aandike kila kinachopita mdomoni. Akaandika: ugali, samaki, mchicha, vitumbua, chai. Hapakuwa na ngano popote. Daktari akamtuhumu kwamba anadokoa, naye akaapa kwa jina la mama yake. Ndipo daktari akaamua kwenda kukaa kibandani kama mteja.

Alichokiona bado kinamchekesha. Mafuta yalipochemka, mkono wa kulia wa Ng'washi ulichovya kwenye kopo, ukarusha unga kidogo kikaangoni, kisha ukashika samaki.

"Hicho nini?" daktari akauliza.

"Kipi?"

"Ulichorusha."

"Sijarusha kitu, daktari."

"Mama Kija, umerusha sasa hivi!"

Ulikuwa unga wa ngano. Wakaanga samaki wengi wa pwani hii ya ziwa hufanya hivyo ili samaki asinate na mafuta yasiruke. Ng'washi alifundishwa na shangazi yake akiwa na miaka tisa, enzi hizo kwa unga wa udaga, na mkono ulikuwa umezoea kiasi kwamba ulifanya kazi bila kumwambia mwenyewe.

"Nilikaa chini nikalia," anasema. "Nilikuwa najitilia sumu kwa mkono wangu, nami niko tayari kuapa mahakamani kwamba sijafanya."

Tangu hapo akawa mpelelezi. Aligundua kwamba vitumbua alivyonunua kwa jirani vilikuwa vya mchele, lakini vilitiwa ngano kidogo ili vishikane. Aligundua kwamba mchuzi wa hoteli moja mjini ulikuwa mzito kwa sababu hiyohiyo. Akaanza kupika kila kitu mwenyewe, akaloweka mchele wa Magu na kuupeleka kusagwa. Bado akaugua.

Safari hii mkosaji alikuwa mashine. Siku hizi watu husagisha unga wa lishe kwa ajili ya watoto, na wengi huchanganya ngano na ulezi, soya na karanga. Unga wa mteja aliyetangulia hubaki ndani, ukatoka na wa mteja anayefuata.

Bilali, mwendesha mashine ya kusaga hapo Igoma, anasimulia alivyopokea ombi la kwanza la Ng'washi. "Alitaka niifungue mashine niipanguse kama mtoto mchanga. Nikajua huyu ana masharti ya mganga. Nikamwambia, mama, hapa tunasaga, hatuagui."

Waliafikiana baada ya mwezi wa mabishano. Ng'washi anafika Jumatatu kabla ya wengine, Bilali anapangusa, na kilo mbili za kwanza za mchele zinapita kuondoa mabaki ya Jumamosi. Kuku wa Bilali ndio wanaofaidi kilo hizo, na wamenenepa kweli.

Hilo neno la Bilali, masharti, ndilo lililokaribia kufunga kibanda. Ng'washi alikuwa bado anauza chapati, lakini wateja waligundua haonji. Alipowaambia daktari amemkataza, walicheka. Daktari hukataza pombe na chumvi. Anayekataza chapati, wakasema, ni mganga tu.

Mambo yalibadilika kwa neno lingine. Siku moja dereva wa lori alimsukumia kipande cha chapati na kumtaka akile mbele ya watu. Ng'washi, amechoka kujieleza, akajibu, "Ngano ni mwiko wangu."

Dereva akarudisha mkono. "Ungesema mapema, mama. Samahani."

Huku kwetu kila mtu ana shemeji asiyekula samaki fulani au mnyama fulani kwa sababu ukoo wake umekatazwa. Mtu kama huyo haulizwi maswali, wala hashurutishwi. Neno moja lilifanya kazi ambayo karatasi za hospitali zilishindwa kuifanya.

Baadaye aliacha kabisa kuuza chapati, maana vumbi lake lilimfuata hadi puani. Akaweka vitumbua, mihogo, michembe ya kuchemsha na ugali wa udaga. Anauza kidogo kuliko zamani, yapata sahani 45 kwa siku, lakini anapima kilo 58 na anakula chote anachokiuza. "Sasa ni Msukuma nisiyesukuma," anasema.

Lakini kuna mahali ambapo neno lile lilimgeukia, na anapofika hapo sauti yake inashuka.

Oktoba mwaka jana mama yao alifariki. Matanga yalikuwa Magu, nyumbani kwa dada yake mkubwa, Selina. Siku ya tatu Selina alimletea sahani mwenyewe: kuku wa mchuzi mzito na chapati mbili.

"Nikamwambia, dada, nisamehe, hii ni mwiko kwangu. Nilisema kwa mazoea."

Selina alisimama na sahani mkononi. "Mwiko upi huo, Ng'washi? Tumenyonya ziwa moja. Mbona mimi sina?" Waombolezaji wakageuka. "Sema tu kwamba unauogopa mkono wangu."

Magu, maneno kama hayo hayachezewi. Mwanamke anayesemwa kwamba chakula chake kinaogopwa na ndugu yake anaweza kuhama kijiji, au yakamfika mabaya zaidi. Ng'washi aliona macho ya watu yanamhamia dada yake.

Alichukua sahani, akala yote.

"Ningefanyaje? Alikuwa ndiye mama yangu aliyebaki," anasema, na machozi yanamtoka bila kuyafuta.

Usiku huohuo alizidiwa. Asubuhi walimpakia kwenye gari la pamba akiwa hawezi kukaa, mbele ya kijiji kizima. Alilazwa siku tisa. Alipotoka, alikuta habari zimemtangulia Igoma: kwamba Selina amemlisha mdogo wake sumu kwenye matanga ya mama yao.

Alikula ili kumsafisha dada yake, na kule kula ndiko kulikomchafua. Selina aliacha kwenda jumuiya, ile sala ya kila wiki ya majirani. Alirudisha barua mbili za mdogo wake bila kuzifungua. Mfanyabiashara wa mchele anayetoka huko kila wiki alimwambia Ng'washi kwamba watoto wa jirani wamekatazwa kunywa maji kwa Selina.

Aliposimulia hayo kwa Daktari Shigela mwezi Machi, daktari hakutoa pole kwanza. Aliuliza huyo dada ana mwili gani. Ng'washi akamwambia ni mwembamba, amekuwa mwembamba tangu aolewe, tumbo linamsumbua kila baada ya sherehe, na mimba tatu zimemharibikia. Daktari akaandika jina la Selina kwenye daftari lake.

"Ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya ukoo," Daktari Shigela anamweleza mwandishi wa makala haya. "Simpi mtu ugonjwa kwa kusikia tu. Lakini huyo mama namtaka hapa, na nimwone kabla hajaacha kula chochote."

Ng'washi anasema usiku ule hakulala. Kwa miaka miwili alikuwa amejiona mwongo, anayetumia neno la mababu kuficha ugonjwa wa hospitali. Sasa anajiuliza ni mababu wangapi waliozikwa wembamba wakati ngano ilipofika, na hakuna aliyejua kuwakataza.

Alimtuma mfanyabiashara wa mchele amweleze Selina kwa mdomo, polepole, hadi mwisho. Jumatano iliyopita jibu likaja: "Mwambie aje. Na huyo daktari wake aje naye, nimwone anavyofanana."

Daktari amekubali kwenda Jumamosi hii. Ng'washi ameomba wafike saa ya jumuiya, majirani wakiwa wamekusanyika uani nyumba ya pili kutoka kwa Selina, ili kila aliyemwona akipakiwa kwenye gari la pamba asikie kilichompakia. Baada ya hapo anataka kurudi Igoma na dada yake kwa vipimo, akae kwake mpaka apate nguvu.

Mafundi wameanza kuondoka. Farouk anaweka kikombe chini na kumwuliza atamwambia nini Selina akifika mlangoni pake, maana safari iliyopita neno moja lilitosha kuharibu.

Ng'washi anakichukua kile kikombe.

"Nitampigia magoti, nimwambie shikamoo dada," anajibu. "Halafu nimwambie nilikosea kule kwenye matanga. Nilisema ni mwiko wangu. Huu ni mwiko wetu."