Katani Kwenye Tangi la Choo

Tulipokaa Manundu, kwenye nyumba ya shamba la mkonge lililotaifishwa, choo chetu cha kuvuta kilijaa maji polepole mno. Ukivuta asubuhi, tangi linajaa jua likiwa utosini. Mimi ningevumilia, lakini mama mkwe alikuja kutoka Kwamsisi kutibiwa, na kwetu mkwe hakuti chooni uchafu wa mkwewe. Akawa anajibana mchana kutwa. Siku ya tatu akafunga furushi, akamwambia mke wangu anarudi kwake, dawa au bila dawa.

Nilimshuku balozi wetu wa nyumba kumi. Ukame ulikuwa mkali, na mchicha wake unang'aa. Nikamfuata, nikamwuliza mbona anatunyonya maji.

"Ndugu, mnyonyaji ni wewe unayejisaidia kwa maji ya bomba," akasema. "Sisi wengine tunachimba shimo."

Watu wakacheka.

Nikarudi, nikafunga koki, nikafungua bomba linaloingia tangini. Kitundu kilikuwa kimezibwa na nyuzi za katani. Fundi wa shamba aliyefunga bomba hilo alizizungusha kwenye kiungo kisivuje, nyingi kama anasuka kamba, maji yakazisukuma ndani. Nikazichomoa kwa msumari. Tangi likajaa kabla sijanawa mikono, na mama mkwe akalifungua furushi lake.

Watu waliniambia nimwombe balozi radhi. Sikumwomba, na mpaka leo simwombi. Fundi yule alikuwa shemeji yake, na sijaona bado katani inayojiingiza yenyewe kwenye bomba la mtu.