Niliomba Muda wa Kodi Msibani

Jamani, nawasimulia hii kwa sababu najua mtaisikia kwa wengine na wataitia chumvi, kwa hiyo bora muisikie kwangu mwenyewe: mimi Mama Neema, mtu mzima, mwanakwaya, niliingia kwenye msiba wa watu pale Mabogini, nikashika maikrofoni, nikaanza kulalamikia kodi.

Ilikuwa baada ya yale mafuriko. Mvua ilinyesha kwetu kwa asili, juu mlimani, sisi tukaifurahia kwa ajili ya migomba, kumbe maji yote yanawashukia watu wa chini. Mimi naishi mjini, mtaa wa Soweto, ila mashine yangu ya kukoboa mpunga iko kule chini Mabogini, na maji yaliingia mpaka mota ikajaa tope. Nilikwenda kuiangalia mara kwa mara, nikaiangalia kila upande, nikaililia kabisa, kisha nikarudi zangu mjini (watu wa pale sikuwauliza hata mmoja amelalaje).

Huku nyuma siku ya mwisho ya kupeleka ritani za kodi inakaribia na mimi sina hata risiti moja kavu. Nikasikia kwamba maofisa wa kodi watafika kijijini kuonana na wafanyabiashara waliopatwa na mafuriko, waone namna ya kuwaongezea muda. Nikavaa kitenge changu chekundu, nikajipaka na mafuta, nikaondoka.

Sasa makosa yangu yalianzia hapa. Nilipofika nilimkuta kijana wa bodaboda, na nikaona aibu kutaja neno kodi (atasema huyu mama anadaiwa), nikamuuliza tu, "Samahani, watu wamekusanyikia wapi leo?"

"Kule kwenye maturubai, mama. Panda nikupeleke."

Kijana hakunidanganya. Nilikuta viti vya plastiki, watu kimya, nikasema moyoni, ndivyo watu wanavyokaa wakimsubiri mtu wa kodi. Nyuma ya nyumba moshi wa masufuria, nikasema, loo, mwaka huu wametuandalia na chakula! Jeneza halikuwapo, mwili ulikuwa bado njiani kutoka mochwari, na akina mama wengi walikuwa ndani. Kwa vile nilifika nahema, baba mmoja aliinuka akanipa kiti chake cha mbele. Alidhani mimi ni ndugu wa marehemu.

Msemaji akauliza, "Kabla hatujaendelea, yupo mwenye neno fupi?"

Mimi huyo! Nikasimama, nikapokea maikrofoni, nikajitambulisha kwa jina na biashara, nikaeleza mota, nikaeleza mkanda, nikaeleza magunia yaliyoota mpunga ndani ya stoo, nikasema haiwezekani serikali ishike tarehe ileile kama vile hakuna kilichotokea, tuongezewe muda. Nilipoona hakuna anayenipinga nikapandisha sauti. "Hapa tulipokaa," nikasema, na Mungu anisamehe, "hakuna aliyepoteza kama mimi!"

Ndani ya nyumba mwanamke akaanza kulia. Kilio kile hakihitaji mtu akuelezee. Maikrofoni bado niko nayo mdomoni, pumzi yangu inasikika kwenye spika.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akainuka taratibu. Ndipo nilipomtambua, Baba Aneth. Mke wake alikuwa mteja wangu wa miaka mingi, kila msimu analeta mpunga wake, na akimaliza kukoboa anabaki kunifagilia pumba bila kuombwa, anacheka peke yake. Maji yalimchukua usiku ule wa mafuriko, akapatikana siku mbili kabla ya msiba, kule chini Kahe. Na mimi nilikuwa nimepita mbele ya nyumba yake kila nilipokwenda kuangalia mota, bila hata kuuliza ni ya nani.

Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru. Yeye akanishika mkono, akaichukua maikrofoni polepole, akasema, "Pole, Mama Neema. Pole sana kwa mashine."

Na watu wakaitikia, "Pole, mama." Wote, maturubai yote mawili.

Sikuondoka. Nilikwenda nyuma kwa akina mama, mmoja akavua khanga yake ya pili akanifunika kile kitenge, nikakaa chini nikaosha masufuria mpaka tulipokwenda kaburini. Huko nyuma alinifuata baba mmoja mwenye miwani. Ndiye ofisa wa kodi mwenyewe, alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu. "Mama, kikao tumekiahirisha, tusingekaa kikao na kijiji kina msiba," aliniambia kwa sauti ya chini. "Lakini muda umeongezwa. Andika barua tu, utaeleza yaliyokupata." Nikaitikia kwa kichwa. Kile nilichokifuata nilikipata, na sikuweza hata kusema asante.

Barua niliiandika, ikakubaliwa, mashine ikatengenezwa. Siku ya kwanza kuiwasha alikuja Baba Aneth na gunia lake begani, akapanga foleni kama wengine. Alipomaliza akasimama akiziangalia pumba chini, kisha akaondoka. Nilifagia mwenyewe.

Basi nimejiapiza. Nikifika kwa watu, hata kama nyumba yangu inaungua, kwanza nitauliza wenyeji wameamkaje, na nitasubiri jibu.