Kengele ya baiskeli, na vile tulihama kutoka database ya faili moja hadi server

Kring'.

Wakuu, mambo. Hiyo sauti bado iko masikioni mwangu, na leo nawaandikia habari yake vile ilivyokuwa, bila chumvi.

Juzi mtu aliuliza hapa kama ofisi ndogo ibaki na database ya faili moja ama inunue ile kubwa ya server. Mimi si mtu wa IT. Niliishia form four, computer nilijifunzia kazini. Lakini hiyo njia nimeipita.

Ofisi yetu iko Jamhuri. Tunaazima watu wheelchair na magongo. Mtu akipona anarudisha, mwingine anachukua.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuhura, mama wa Mombasa, mpole sana. Database aliitengeneza mwenyewe na zile programu za kawaida za ofisi. Kila kiti kilikuwa na ukurasa wake, na chini kabisa sehemu ya Maelezo.

Hapo ndipo moyo wake ulikaa. "Gurudumu la kushoto linalia, mwambie asishtuke." "Huyu mtoto anaogopa watu wa koti jeupe."

Shida ni moja. Wawili wakiandika pamoja, faili inaharibika.

Kwa hivyo Bi Zuhura alinunua kengele ya baiskeli River Road. Ukiingia kwa faili, unakaa nayo mezani. Ukitoka unapiga, kring', unampitishia mwenzako. Ukienda chai bila kupiga, utamsikia: "Mwanangu, umetufungia mlango."

Wah, tulicheka sana hiyo ofisi.

Kisha tukafungua ofisi ya pili, Mountain View. Kengele haifiki huko, si ndio? Tukawa tunawapelekea kopi ya faili kwa flash kila wiki.

Hapo ndipo tuliharibu. Kopi mbili, na kila moja inajiamini.

Kulikuwa na Mzee Wafula, fundi wa viatu Kangemi. Tangu mguu ukatwe alikuwa wa kukaa ndani tu, na alitaka kurudi kibandani kwake. Sisi Jamhuri tukamwandikia kiti kilichokuwa Mountain View, tukamwita akichukue huko. Wanawe wakambeba mgongoni.

Mimi ndiye nilikuwa nimepeleka flash siku hiyo. Kiti kilikuwa kimetoka asubuhi, kimepewa mtu mwingine. Kopi ya Mountain View ilisema hakina mwenyewe.

Mzee akaniangalia, akatabasamu. "Usilie, binti. Mimi nimezoea kungoja gundi ikauke."

Wakambeba tena, wakarudi.

Boss akaita mkutano. Kijana wa system alikuja, mtu mtaratibu, akatueleza kwamba faili yetu ni kama bafu ya ploti: mmoja akiingia, wengine wanangoja na ndoo. Server ni kama tangi lenye mabomba: kila nyumba inafungua wakati wake, maji ni yale yale. Hakudharau faili. Alisema kwa ofisi moja yenye watu wachache inatosha kabisa, ni rahisi, unajirekebishia. Server inataka mtu wa kuitunza, na pesa.

Boss alitaka tubaki na flash, iende kila siku. Nadhani aliogopa pia kumuumiza Bi Zuhura. Sote tukamwangalia yeye.

"Nilijenga chumba kimoja," akasema, "na watu wamekuwa wengi. Bomoeni. Lakini Maelezo yangu yahame na wenyewe."

Yakahama yote.

Kiti kimoja kiliporudishwa Jamhuri, Mountain View walikiona hapo hapo kwa system, wakaweka jina la Mzee Wafula.

Siku hizi Bi Zuhura amestaafu, yuko kwao. Ofisi imenyamaza. Tunaingia kwa system na kutoka bila hata kuangaliana. Iko poa, inafanya kazi, lakini naimiss ile kelele.

Nilichojifunza: msichague kwa ukubwa wa jina. Hesabuni ni wangapi wanaoingia, na wako wapi. Na kabla ya kuhama, ulizeni watu wenu ni kitu gani kidogo hawataki kipotee.

Kwenu mlihamaje? Nani alibaki na faili na hajuti? Andikeni, nasoma zote.

Asubuhi ile Mzee Wafula alipokuja hatimaye kuchukua kiti chake, nilifika kabla ya wengine. Nikachukua spana, nikaifunga ile kengele kwenye mkono wa kiti.

Kisha nikafungua system, nikashuka hadi Maelezo, nikaandika: "Kina kengele."