Shemeji Hakuvua Sweta

Siku niliyoulaza mwili wangu hewani, viganja tu vikiwa chini, ndiyo siku niliyoikosa kazi niliyoitaka kuliko zote. Na shemeji yangu mpaka leo hatusalimiani.

Kaeni niwasimulie.

Mimi ni fundi rangi. Mchana napaka kuta za watu, jioni nafanya mazoezi ya viungo kwenye uwanja wa saruji nyuma ya gereji. Hakuna vyuma vya kubeba pale, ni mwili wako tu.

Kiboko wa pale alikuwa shemeji, mume wa dada yangu. Mtaani wanamwita Winchi.

Pozi lenyewe tunaliita ubao. Unaweka viganja chini, unanyoosha mikono, unainua miguu mpaka mwili mzima unalala sambamba na sakafu. Hufiki kwa siku moja. Unaanza magoti yakiwa kifuani, baadaye unanyoosha mguu mmoja, halafu yote miwili.

Shemeji alinifundisha kwa matusi. Mabega yabaki juu ya viganja, alikuwa ananiambia, ukiegemea mbele utavunja pua, bwege wewe. Nikamtii mwaka mzima. Miguu haikutoka chini. Yeye anacheka, anaita watu waje wanitazame.

Dada alikuwa anakuja kuturekodi kwa simu, amesimama ubavuni. Akimaliza, anazirudia zile video moja moja.

Basi mama mmoja akafungua ukumbi wa mazoezi, akawa anatafuta mwalimu wa pozi hilo. Kazi ya kudumu, jamani, na mimi nimechoka kuvuta harufu ya rangi. Akasema atakuja uwanjani ajionee.

Kabla hajaja, nikaomba zile video. Nikajitazama, nikamtazama shemeji. Damu ikanichemka.

Yule jamaa siku zote anavaa sweta pana, hata jua likiwaka. Na kwenye video mwili wake uko chini mno, na mabega yako mbele ya viganja, kinyume na alivyonifundisha. Sasa mikono ikiwa imenyooka kweli, mwili unakaa juu kwa urefu wa mkono mzima, na usipoegemea mbele huinuki, labda uwe mchawi. Kwa hiyo ndani ya lile sweta viwiko vilikuwa vimekunjwa, vimeegemezwa tumboni. Alinifundisha uongo makusudi, nisije nikamuumbua.

Siku ikafika. Shemeji akainuka, watu wakapiga makofi.

Nikamwambia mbele ya wote, "Shemeji, vua sweta urudie."

"Una wazimu wewe?"

"Vua."

Hakuvua. Alinijia juu, tukakunjana mashati. Mama mwenye ukumbi akatutenganisha, akasema kama mimi najua zaidi, nimwonyeshe.

Nikaweka viganja chini. Nikaegemea mbele. Miguu ikanyanyuka, ila kiuno kikabinuka na mikono ikaanza kutetemeka. Shemeji akacheka kwa furaha.

Ndipo nikamsikia dada, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Sukuma ardhi. Kaza makalio, shusha nyonga. Usitazame vidole, tazama mbele kidogo. Hapo hapo."

Mwili ukalala. Nikakaa hewani, nikahesabu mpaka tano.

Nilipotua nilikuwa nacheka peke yangu. Nikajua kazi ni yangu. Mama yule akampita shemeji, akanipita na mimi, akasimama mbele ya dada.

"Unaweza kuanza lini?"

Dada akamwambia ukweli, kwamba yeye mwenyewe hawezi kujiinua hata magoti yakiwa kifuani.

"Wanaojua kuinuka nimewaona," mama akajibu. "Lakini huyu amefundishwa na wewe, sasa hivi, kwa maneno tu."

Nilikasirika, siwafichi. Kumbe muda wote dada alikuwa anaona kosa la kila mmoja wetu! Jioni nikamfuata kwake nikamfokea kwa nini hakuniambia. Akanitazama kwa dharau ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Mliwahi kuniuliza?"



Kwa hiyo nyie mnaokunjana mashati kutafuta nani mkali, hebu mgeukieni yule anayewatazama kila siku, mumuulize anaona nini. Mimi nilichelewa. Leo hii dada ananifundisha pale ukumbini pamoja na watoto wa shule, na nikikosea ananirudisha kwenye hatua ya kwanza.